Kuzielewa Hati za Mirathi: Mwongozo kwa Familia za Malindi na Lamu

Familia zinazofika mahakamani Malindi au Lamu kwa mara ya kwanza baada ya msiba huuliza maswali yaleyale. Je, barua ya chifu inatosha kuhamisha shamba? Kaka aliyepewa hati ya usimamizi anaruhusiwa kuuza nyumba? Mbona sheikh ameshapiga hesabu ya faridhi (mafungu ya warithi kwa sheria ya Kiislamu) na ofisi ya ardhi bado inakataa kubadilisha jina? Karibu kila swali kati ya haya hutokana na istilahi ambayo mtu ameisikia bila kuelezwa inampa uwezo gani na inamnyima upi. Mwongozo huu unazipanga istilahi hizo kwa mfuatano utakaokutana nazo, kuanzia siku za mwanzo za msiba hadi jina jipya linapoandikwa kwenye hati miliki. Sheria inayozungumziwa ni ya Kenya. Ikiwa familia yenu tayari ina mgogoro, someni ili muelewe mnachoambiwa, kisha mtafuteni wakili.

Mahitaji kabla ya kuanza

- Cheti cha kifo. Kibali cha mazishi, ambacho hutolewa ili maiti azikwe, si cheti cha kifo na hakikubaliwi mahali pake.
- Barua ya chifu wa eneo alilokaa marehemu, inayotaja wote walioachwa: wajane au mjane mume, watoto wote wa kila ndoa, na wazazi kama wapo hai.
- Nakala za vitambulisho vya watu wazima na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.
- Cheti cha ndoa, au ushahidi mwingine wa ndoa ikiwa cheti hakipo.
- Hati za mali: hati miliki pamoja na matokeo ya upekuzi wa karibuni katika masjala ya ardhi (kile ambacho wengi hukiita sachi), taarifa za benki na sako, kitabu cha gari, na usajili wa mashua au jahazi.
- Orodha ya madeni, aliyodaiwa marehemu na aliyowadai wengine.
- Wasia wa asili, kama aliuacha.

Usitie sahihi karatasi yoyote ambayo hujasomewa kwa lugha unayoielewa. Nalisisitiza hili hasa kwa ajili ya mjane aliye katika eda, ambaye kwa miezi minne na siku kumi hukaa ndani, na ambaye mara nyingi huletewa karatasi chumbani na kuambiwa kwamba ni "za kusaidia watoto tu". Karatasi hizo zinaweza kungoja, na kama haziwezi, basi asomewe na mtu anayemwamini yeye, si anayeaminiwa na aliyezileta.

Hatua ya 1: Jua ni sheria ipi na mahakama ipi

Sheria ya Urithi, Sura ya 160, ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981, na ndiyo inayosimamia mirathi ya Wakenya walio wengi. Marehemu akiwa Mwislamu, kifungu cha 2 cha sheria hiyo kinasema kwamba mali yake itagawanywa kwa sheria ya Kiislamu, ingawa kanuni za jumla za usimamizi wa mali bado zinamhusu pale zisipopingana na dini yake.

Mahakama ya Kadhi inatajwa katika ibara ya 170 ya Katiba, na kuna masharti mawili ambayo watu huyasahau: wahusika wote wawe Waislamu, na wote wakubali kusikilizwa hapo. Ndugu mmoja asiyekuwa Mwislamu, au asiyekubali, anatosha kuifanya kesi ipelekwe Mahakama Kuu, ambako jaji atatumia sheria ileile ya Kiislamu kwa mali ya Mwislamu. Kwa hiyo kuhama mahakama hakubadilishi mafungu, na anayehama kwa tumaini hilo atapoteza wakati na ada.

Kwa marehemu wasiokuwa Waislamu, thamani ya mali yote ndiyo inayoamua. Hakimu Mkazi ana uwezo wa hadi shilingi milioni 5 na Hakimu Mkuu hadi milioni 20. Zaidi ya hapo kesi ni ya Mahakama Kuu.

Hatua ya 2: Tenga mali ya marehemu na isiyokuwa yake

Sheria hugawa *mali huru* pekee, yaani ile ambayo marehemu angeweza kuiuza au kuitoa kwa hiari yake akiwa hai, na ambayo haki yake juu yake haikukoma kwa kifo chake. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi Pwani, na kurukwa kwake huzaa kesi za miaka mingi, kwa hiyo nawaomba msiifanyie haraka.

*Wakfu* ni mali iliyofungwa kwa ajili ya msikiti, madrasa, makaburi au dhuria (kizazi) wa mtoaji. Haiuzwi, haitolewi zawadi, wala hairithiwi. Mtoto anayekaa katika nyumba ya wakfu wa dhuria ana haki ya manufaa kulingana na masharti ya hati ya wakfu, lakini si mmiliki, na nyumba hiyo haiingizwi katika orodha ya mirathi. Ukiwa na shaka, uliza kwenye ofisi ya Makamishna wa Wakfu kabla ya kwenda mahakamani.

*Hiba* ni zawadi iliyotolewa na kukabidhiwa mtoaji akiwa hai. Katika mji wa kale wa Lamu, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, familia nyingi zilikuwa na desturi ya kumtengea binti nyumba anapoolewa, pengine kwa kujenga wikio juu ya njia ili nyumba ya mama na ya binti zishikane. Baba akifa, kaka husema nyumba ni ya mirathi na dada husema ni yake. Hapo kadhi atatafuta mambo matatu: baba alitamka kutoa, binti alikubali, na alikabidhiwa kikweli. Kwa hiyo kusanya ushahidi wa makabidhiano: nani alikaa humo, nani alipokea kodi ya wapangaji, nani alilipia matengenezo, na nani alihudhuria siku nyumba ilipotolewa. Hiba iliyotamkwa bila kukabidhiwa ni dhaifu sana mbele ya kadhi, hata kama mtaa mzima unaijua habari yake.

*Nyumba isiyo na ardhi* ni jambo linalojulikana vizuri Malindi: jengo ni la mmoja, kiwanja ni cha mwingine, na mwenye jengo hulipa kodi ya ardhi. Warithi wa mwenye jengo hurithi jengo na makubaliano yake, si kiwanja. Hali huwa hivyohivyo pale minazi ilipopandwa na mtu katika ardhi ya mwingine. Andika katika orodha kile hasa alichokuwa nacho marehemu.

*Umiliki wa pamoja* una sura mbili. Katika ule usiogawika, mmoja akifa sehemu yake humwendea mwenzake aliye hai, na masjala ya ardhi hufuta jina la marehemu kwa kuonyeshwa cheti cha kifo. Katika umiliki wa mafungu, fungu la marehemu huingia katika mirathi. Matokeo ya upekuzi yataonyesha ni upi.

Mwisho, uliza kwenye sako na mfuko wa pensheni kama marehemu aliandika jina la *mtu wa kupokea*, kwa kuwa malipo hayo yana utaratibu wake.

Hatua ya 3: Chunguza kama kuna wasia halali

*Wasia* ni tamko la mtu kuhusu mali yake litakalofanya kazi baada ya kifo chake. Mtoaji lazima awe mtu mzima mwenye akili timamu, asiyelazimishwa wala kudanganywa. Wasia wa maandishi chini ya Sura ya 160 hutiwa sahihi na mtoaji mbele ya mashahidi wasiopungua wawili, nao huutia sahihi zao. Shahidi akiwa ndiye anayeachiwa kitu katika wasia huo, alichoachiwa hubatilika, isipokuwa kuna mashahidi wengine wawili wasiohusika. Wasia wa mdomo husimama ikiwa ulitamkwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi na mtoaji akafa ndani ya miezi mitatu. Maneno aliyoyasema mzee miaka mitano kabla ya kufa hayatoshi. Fahamu pia kwamba ndoa mpya hufuta wasia wa zamani wa anayeoa au kuolewa, isipokuwa wasia wenyewe uliandikwa kwa kuitazamia ndoa hiyo.

Kwa Mwislamu kuna mipaka miwili zaidi. Wasia hauvuki thuluthi moja ya mali inayobaki baada ya mazishi na madeni, na hauwezi kumwongezea mtu ambaye tayari ni mrithi, ila warithi wengine wakiridhia baada ya kifo.

Asiyeacha wasia huitwa *aliyekufa bila wasia*. Maneno haya huonekana katika fomu nyingi, na hayana lawama yoyote ndani yake.

Hatua ya 4: Amueni nani atakayeomba

*Wasii* ni mtu aliyetajwa ndani ya wasia ili autekeleze. Mahakama ikimkubali hupewa hati ya kuthibitisha wasia, ambayo mawakili huiita probeti. Pasipo wasia, mahakama humteua *msimamizi wa mirathi* kwa kumpa hati ya usimamizi, ambayo wengi huiita granti. Wanaotangulizwa ni mjane au mjane mume, kisha warithi wengine, kisha Mdhamini wa Umma, na mwisho wadai. Wasimamizi hawazidi wanne, na pakiwa na watoto wadogo ambao mali yao itabidi itunzwe, wasiwe pungufu ya wawili.

Anayeomba huwasilisha *ombi* (fomu P&A 80 kwa asiyeacha wasia) pamoja na *hati ya kiapo* (P&A 5), ambayo ndani yake huapa kuhusu majina ya walioachwa, mali na madeni. Wenye haki sawa na yake au inayoitangulia hutia sahihi *ridhaa* (P&A 38). Kutia sahihi ridhaa ni kukubali kwamba fulani awe msimamizi. Si kuacha fungu lako. Kuacha fungu ni jambo jingine lenye karatasi yake, na ukiona maneno ya kuacha haki yamechanganywa ndani ya ridhaa, simama hapohapo uulize.

Tahadhari: usimwache nje ya orodha mtoto yeyote, awe wa mke aliyeachika, awe wa ndoa isiyopendwa na ukoo, au awe bado tumboni. Mahakama ndiyo itakayoamua haki ya kila mmoja. Kuficha jina ni sababu mojawapo ya kutengua kila kitu baadaye.

Hatua ya 5: Fuatilia tangazo

Ombi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye neno hupewa muda usiopungua siku 30. Njia za kupinga zina majina tofauti kulingana na hatua iliyofikiwa, na kutumia njia ya hatua nyingine hukupotezea miezi. Kabla ombi halijaletwa, au hati haijatolewa, unaweza kuweka *kaveati*, yaani notisi kwenye masjala ya mahakama ili ujulishwe pindi mtu atakapoomba. Tangazo likishatoka, unaleta *pingamizi* ndani ya muda uliotajwa. Hati ikiwa imeshatolewa lakini mgao haujathibitishwa, unaweza kuleta kiapo cha kupinga mgao unaopendekezwa. Na wakati wowote, ikiwa hati ilipatikana kwa uongo, kwa kuficha jambo au kwa utaratibu mbovu, unaomba *itenguliwe* chini ya kifungu cha 76.

Hatua ya 6: Elewa hati ya usimamizi haikufanyi mwenye mali

Kama kuna hatua moja ya kusomewa familia nzima kwa sauti, ni hii. Msimamizi hushika mali kwa niaba ya warithi wote. Anaweza kudai madeni ya marehemu, kulipa aliyodaiwa, kukusanya kodi za nyumba, kushitaki na kushitakiwa kuhusu mali hiyo. Hawezi kuuza ardhi wala nyumba kabla hati haijathibitishwa, na hawezi kugawa. Mnunuzi anayeonyeshwa hati ya usimamizi peke yake na kuambiwa "mimi ndiye mwenye shamba sasa" anaingizwa katika hasara, na warithi wanaingizwa katika kesi.

Ndani ya miezi sita msimamizi anapaswa kutoa *orodha kamili ya mali na madeni*, na mrithi yeyote ana haki ya kumwita mahakamani atoe *hesabu*. Kudai hesabu si utovu wa adabu kwa kaka mkubwa au mjomba. Ni wajibu aliouapia mwenyewe.

Kabla hati haijatolewa, hata huyo msimamizi mtarajiwa hana ruhusa ya kugusa mali. *Kuingilia mali ya marehemu* ni kosa chini ya kifungu cha 45, lenye faini isiyozidi shilingi 10,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kutoa pesa katika simu ya marehemu kwa sababu unaijua namba yake ya siri ni kuingilia. Kukodisha mashua yake ni kuingilia. Mali ikiwa hatarini, kwa mfano korosho ziko shambani zinaibwa, mwombeni chifu asaidie kuihifadhi, au ombeni mahakamani *hati ya muda ya kukusanya na kuhifadhi mali*, ambayo hutolewa kwa kazi hiyo tu.

Hatua ya 7: Jua mafungu

Kwa Mwislamu, mpangilio ni huu: gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia, kisha *faridhi*. Mahari ambayo mume hakuwahi kumlipa mkewe ni deni, kwa hiyo mjane huipokea kabla ya mgao na hailipwi kutoka katika fungu lake. Wajane wengi hawaambiwi jambo hili.

Tuchukue mfano. Marehemu ameacha mke, mama, mwana mmoja wa kiume na wa kike wawili, na baada ya kulipa yote zimebaki shilingi 2,400,000. Kwa kuwa kuna watoto, mke ana thumuni (moja ya nane), yaani 300,000. Wangekuwa wake wawili wangegawana thumuni hiyohiyo. Mama ana sudusi (moja ya sita), yaani 400,000. Zinazobaki 1,700,000 ni za watoto, wa kiume akipata mafungu mawili ya wa kike: yeye 850,000 na kila binti 425,000.

Chini ya Sura ya 160 hali ni tofauti. Mjane aliye na watoto huchukua vyombo vya nyumbani moja kwa moja, na juu ya mali iliyobaki hupata *haki ya kutumia mali maishani*, maana yake anakaa na kunufaika nayo lakini si yake ya kuuza apendavyo. Watoto, wa kike na wa kiume, walioolewa na wasioolewa, wana mafungu sawa. Marehemu akiwa na wake wengi, kama ilivyo katika familia nyingi za vijiji vya Malindi, mali hugawanywa kwanza kwa nyumba kulingana na idadi ya watoto, na kila mjane aliye hai huhesabiwa kama mtu mmoja zaidi. Nyumba yenye mjane na watoto watatu na nyumba yenye mjane na watoto watano zitachukua sehemu 4 na 6 kati ya 10, si nusu kwa nusu.

*Tegemezi* aliyesahauliwa anaweza kuomba atengewe kiasi cha kutosha, lakini lazima awahi kabla hati haijathibitishwa.

Hatua ya 8: Thibitisha, kisha hamisha

*Uthibitisho wa hati* huombwa baada ya miezi sita tangu hati itolewe, nao ndio unaoidhinisha nani anapata nini. Usipitishe mwaka, kwa maana kuchelewa bila sababu ni mojawapo ya mambo yanayoweza kuitengua hati. Ukishapata *cheti cha uthibitisho*, kipeleke kwenye masjala ya ardhi pamoja na hati ya usimamizi: jina la msimamizi huandikwa kwanza kwa cheo chake hicho, kisha ardhi huhamishiwa warithi.

Kwa mirathi iliyosikilizwa na kadhi, omba amri rasmi yenye muhuri wa mahakama, inayotaja kila mrithi, fungu lake na namba ya kila kiwanja. Hesabu iliyofanywa na sheikh nyumbani inaweza kuwa sahihi kabisa kidini, nayo husaidia sana kuleta suluhu, lakini masjala ya ardhi haiwezi kuifanyia kazi.

Mambo yakikwama

*Majina hayalingani.* Hati miliki husema Mohamed bin Ali na kitambulisho husema Muhammad Ali Omar. Tayarisheni hati ya kiapo inayoeleza kwamba ni mtu mmoja, pamoja na barua ya chifu, kabla ya kuwasilisha ombi.

*Nyumba bado ina jina la babu.* Huwezi kumrukia baba. Kila kifo kina mirathi yake, kwa mfuatano: ya babu kwanza, ili fungu la baba lijulikane, kisha ya baba. Watayarisheni ami na mashangazi mapema, kwa kuwa nao au watoto wao wamo.

*Ndugu mmoja hataki kutia sahihi.* Kukataa kwake hakuizuii mahakama. Thibitisha kwamba amepewa notisi, weka ushahidi wa notisi hiyo, na kesi itasikilizwa naye akitoa sababu zake.

*Wasia wa asili umepotea.* Ikiwa haukuharibiwa na mtoaji kwa nia ya kuufuta, mahakama inaweza kupokea nakala iliyothibitishwa, au majina ya watu wanaoweza kueleza yaliyomo.

*Msimamizi amekufa.* Usimamizi haurithiwi na mtoto wake. Kama hakuwa na mwenzake, ombeni hati mpya kwa mali iliyosalia.

*Mtu anauza kabla ya uthibitisho.* Nenda masjala ya ardhi siku hiyohiyo uombe *zuio* liandikwe kwenye kiwanja, kisha uende mahakamani kuomba amri ya kusimamisha mauzo.

*Hamkuridhika na uamuzi.* Rufaa kutoka kwa kadhi au hakimu huenda Mahakama Kuu. Ikiwa imetoka kwa kadhi, jaji husikiliza akiwa na Kadhi Mkuu au makadhi wengine wawili kama washauri. Siku uamuzi unaposomwa, usiondoke bila kuomba nakala iliyothibitishwa, kwa sababu muda wa kukata rufaa huhesabiwa wakati wewe bado unaingoja.